Kabla ya kununua turbo, kagua injini inavyopumua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye magari ya turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) hapa Mwanza: wa Subaru na Volkswagen za petroli, na wa Prado na Hiace za dizeli. Gari likianza kutoa moshi wa bluu na mabomba ya hewa yakalowa oili, hukumu ya haraka ni kwamba turbo imekufa. Inanunuliwa nyingine kwa pesa nyingi, na moshi unarudi, kwa sababu hakuna aliyegusa mfumo wa kupumulia, yaani mipira na valvu za kutolea gesi ndani ya injini.

Kila mlipuko wa silinda hupenyeza gesi kidogo kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na gesi hiyo lazima itoke. Injini ya petroli yenye turbo ina njia mbili. Ukiendesha polepole manifodi, bomba la kugawia silinda hewa, huvuta, gesi inapita kwenye valvu ya kupumulia na kwenda kuchomwa. Ukikanyaga mafuta, manifodi hujaa presha ya turbo. Hapo valvu inatakiwa ijifunge, na gesi ishike mpira wa pili unaokwenda pale turbo inaponyonyea. Dizeli nyingi hutumia njia hiyo ya pili peke yake.

Njia ikiziba, presha hupanda ndani ya injini. Oili iliyolainisha turbo hurudi kwenye sampo kwa kuteremka tu, hakuna pampu inayoivuta. Ikikutana na presha kutoka chini inashindwa kushuka, inatafuta upenyo kwenye sili za turbo. Ndiyo maana hata turbo mpya huvuja. Valvu ikishindwa kujifunga, mambo ni yale yale: presha ya turbo inaingia kwenye sampo na kusukuma oili itokee kwenye sili za krenki.

Mjini kwetu safari ni fupi. Gari la kutoka Pasiansi hadi katikati ya mji huzimwa kabla oili haijapata moto wa kukausha unyevu, na maji yakichanganyika na oili huwa uji wa rangi ya maziwa unaoganda ndani ya mipira. Ukiuona chini ya kifuniko cha oili, angalia kwanza kama maji ya rejeta yanapungua, maana gasketi ya silinda hedi ikiungua nayo huleta uji huo. Kama hayapungui, shughulikia upumuaji.

Kipimo hakina gharama. Injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa, ondoa kifuniko cha oili, funika tundu kwa glavu nyembamba ya mpira. Kwa petroli glavu inatakiwa ivutwe ndani kidogo. Ikivimba, kuna presha. Ikivutwa kwa nguvu na ukasikia mluzi, kiwambo cha mpira ndani ya valvu kimepasuka. Gari la namna hiyo hula oili na mara nyingi kompyuta yake huandika kosa P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Kwa dizeli glavu kuinuka kidogo ni kawaida.

Kazi yenyewe fanya injini ikiwa imepoa. Piga picha ya mipira kabla ya kuifungua. Valvu ya chuma yenye springi inaoshwa kwa kisafishia kabureta. Ukiitikisa igonge, ukiipuliza ipitishe upande mmoja tu. Valvu yenye kiwambo usiioshe kwa dawa hiyo, inaharibu mpira: badilisha nzima. Mabomba yaoshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, yakauke kabisa. Usimwage uchafu huo mtaroni, maana mitaro mingi ya mjini huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani.

Kosa tunalolikuta sana ni kufunga mpira wa rejeta mahali pa mpira wa kupumulia. Mpira wa maji huvimba ukikutana na oili, unalegea, halafu unajikunja na kuziba. Nunua unaostahimili oili, wenye kipenyo kile kile, na ufunge klipu kila ncha. Kingine ni kuchomoa mpira na kuuning'iniza chini, tundu la upande wa turbo likabaki wazi: vumbi linaingia, na kwa gari lenye sensa ya hewa kompyuta inakosea vipimo. Kuziba njia ya kupumulia kwa bolti ni kubaya kuliko yote. Kopo la kunasa oili, linalofungwa katikati ya mpira wa kupumulia, lina faida likiwa na vizuizi ndani na likimwagwa kila baada ya kilomita 1,000 hivi.

Wenye dizeli, baada ya kazi hii fungueni intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na kumwaga oili iliyojikusanya humo. Injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe, wala kuzima swichi hakutaisimamisha.

Njia zote zikiwa safi na glavu bado inavimba, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, huenda ringi zimeisha. Turbo yenyewe ihukumiwe kwa kushika shafti yake: kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, lakini ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta, hiyo kweli imekufa.

Ni sisi mafundi magari,
Nyakato, Mwanza