Salamu za sikukuu, halafu zamu yako

Ndugu zangu, marafiki, na nyie ambao hatujaongea tangu mwaka uanze, heri ya sikukuu na mwaka mpya. Safari hii sijataka kuforwadi ile meseji ya maua na nyota inayozunguka kila simu, nimeona niandike mwenyewe, ikiwa ndefu mnivumilie.

Juzi usiku nilikaa na karatasi nikajiuliza hivi mimi nasimamia nini hasa, nikaandika vitatu: ukweli, kutimiza ahadi, kusamehe. Halafu nikaanza kuupitia mwaka nione kama nimeviishi, hicho cha tatu nikakikata kwa kalamu ileile, maana mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemeshani tangu mwezi wa tatu. Nilimsahihisha mbele ya watu kwenye kikao cha familia, akanyanyuka akaondoka, na miezi yote hiyo najiambia sina kosa, nilisema ukweli tu.

Nikampigia. Nikamsomea karatasi yote pamoja na nilichokikata, kisha nikamuuliza, na wewe kaka, kitu gani kikiguswa unaumia kabisa? Akakaa kimya mpaka nikaangalia simu nikidhani imekatika. Akasema heshima. Akanikumbusha tulipokuwa wadogo, siku aliyogombezwa mbele ya wageni huku ameshika sinia la glasi za maji, akaendelea kugawa maji na machozi yanamtoka, na mimi niko pembeni nacheka. Mi sikumbuki kabisa. Yeye anakumbuka mpaka rangi ya lile sinia. Jamani, kumbe kila mmoja alikuwa analinda kitu kizuri, na ndicho kilichotugombanisha!

Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walichapisha utafiti wenye maswali 36, watu wawili wasiojuana wanajibu kwa zamu kwa dakika kama 45, yanaanza mepesi yanazidi kuzama, na hao wakajiona wako karibu zaidi kuliko wale waliopiga stori za juujuu. Mimi naamini nguvu iko kwenye ile zamu. Ningemuuliza kaka bila kutoa yangu kwanza angeona namhoji tu. Na neno peke yake halitoshi, heshima kila mtu anaitaja, ila lile sinia ni la kwake.

Kwa hiyo zawadi ninayoomba kwako ni hiyo, kitu kimoja unachokishikilia na siku kilipokuingia, hata kwa voisi noti, hata usiku wa manane. Naanza mimi na ahadi. Nilikuwa na miaka tisa, nikaambiwa nitafuatwa shule mapema, nikakaa getini na begi mgongoni mpaka mlinzi akawasha taa. Ndo maana nikikwambia nakuja, nakuja.

Sikukuu njema. Haya, nakusikiliza.