Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyekabidhiwa kuta za watu

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwa furaha kwamba umealikwa kuratibu maonyesho ya pamoja ya wasanii wa hapa Dar es Salaam, na kwamba wenye ukumbi wamekuachia kuta zao uchague kazi, uzipange na uziandikie maelezo, kisha uwaage. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Nami, niliyetengeneza fremu na kutundika picha za watu katika kumbi za jiji hili tangu wewe hujaanza shule, nimewaona wenyeji waliopona kwa mgeni wa namna hii na nimewaona waliozidiwa.

Mama yako alinionyesha pia orodha yako ya kwanza. Karibu wote uliowachagua wamepitia Nafasi Art Space pale Mikocheni, kwenye vile vyumba vya kazi vilivyotengenezwa kwa makontena, na sina ugomvi nao hata kidogo, kwa kuwa tangu 2008 mahali pale pamewapa vijana wengi nafasi ya kujaribu na kukosea bila kuchekwa. Kilichonikera ni kwamba hakuna hata mchoraji mmoja wa tingatinga, ile michoro ya wanyama ya rangi za kung'aa. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa umesema maonyesho yako ni ya sanaa ya kisasa, na tingatinga ni sanaa ya watalii.

Hapo ndipo ninapokukatalia. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa jijini mwaka 1968 akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana dukani na ndivyo mfuko wake ulivyoweza. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni, hilo silipingi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu, na katika miaka hiyo minne alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa ambao mikono yao, na ya wanafunzi wao, inaendelea kufanya kazi hadi leo; ushirika wao uliandikishwa 1990. Sasa nieleze, kijana anayechomelea vyuma chakavu kwa sababu ndivyo vilivyo karibu naye anazidi nini kwa usasa mtu aliyechukua rangi ya baiskeli kwa sababu hiyo hiyo?

Mtazame pia Sam Ntiro. Alisomea uchoraji London, akawa balozi wetu wa kwanza huko Uingereza, na picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliyoichora 1956, imo katika Museum of Modern Art ya New York. Ukiitazama, watu wake ni bapa, hawana kivuli cha kutosha, na miti imesimama kama iliyokatwa kwa mkasi. Tungeichukua picha hiyo bila jina tukaiweka barazani Oysterbay katikati ya vifaru na twiga, nina shaka kama wewe na wenzako mngesimama kuitazama. Mpaka mnaouchora kati ya sanaa ya kisasa na sanaa ya watalii umefuata anayenunua, nao mkono wa mchoraji mmeusahau.

Nakubali kwamba picha nyingi za tingatinga zimerudiwa hadi zimechosha, na mimi mwenyewe nimezipigia fremu nikiwa nimefumba macho nusu. Ndiyo maana ukaitwa wewe. Nenda ukakae nao asubuhi nzima, usiende kama mnunuzi, utazame yule anayeweka madoa ya chui moja moja kwa ncha ya brashi huku jirani yake akiyapiga haraka haraka. Halafu mwombe akutolee ile picha aliyoiweka nyuma ya nyingine kwa sababu haiuziki. Mara nyingi ndiyo unayoitafuta.

Ukiipata, usiitenge kwenye kona ya peke yake na kuipa heshima ya babu. Itundike pamoja na zile za Mikocheni, kitovu cha kila picha kikiwa sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, na uangalie taa, maana rangi ile inang'aa kama bodi ya gari jipya: ukiielekezea taa ya mbele, mtazamaji ataona paji lake la uso na asimwone chui. Taa ije kutoka juu kwa pembeni, na fremu iinamishwe mbele kidogo tu. Kazi za karatasi nazo usizigandamize kwenye kioo, kwani kwa unyevu wa jiji letu kuvu huingia kabla hata wageni wa ufunguzi hawajamaliza soda.

Maelezo ya ukutani yaandikwe kwa Kiswahili, na yawe mafupi. Nimesoma vibandiko ambavyo msanii mwenyewe aliomba atafsiriwe.

La mwisho ni karatasi ya makabidhiano. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mchoraji mmoja kuchukua kazi yake baada ya maonyesho, tukaikuta na mchubuko wa urefu wa kidole, na mwandaaji akasema ilikuja hivyo. Hapakuwa na maandishi, tukaondoka nayo kimya kwenye bajaji. Kila kazi inayoingia iandikwe hali yake, ipigwe picha mbele na nyuma, na msanii atie saini pamoja nawe.

Siku ya kutundika nijulishe mapema. Nitakuja na pima maji yangu, kwa sababu ile ya ukumbini niliitumia mwaka jana na imepinda.

Mjomba wako