YAH: Malalamiko kuhusu redio ya gari mliyonifungia

Ndugu Meneja,

Wiki tatu zilizopita niliwaletea gari mtoe redio ya kiwandani na kunifungia mpya yenye skrini, niliyoinunua kwenu. Nilimwomba fundi wenu, nikiwa nimesimama mlangoni mwa gari, asikate plagi ya kiwandani. Akaitikia.

Tangu siku hiyo, gari likilala siku mbili haliwaki. Nikizungusha ufunguo, starta inagonga tik, tik, na taa za dashibodi zinafifia. Nimeshabustiwa kwa betri ya gari jingine mara nne. Nilipopiga simu mkasema betri imechoka. Betri ya miezi mitano, ambayo haikuwahi kunisumbua! Nilipouliza mbona redio haizimi hata nikichomoa ufunguo, mkanijibu ndivyo zilivyo za kisasa, nizime kwa kitufe.

Jumamosi fundi umeme mwingine aliivuta redio nje. Iliniuma kuona. Plagi imekatwa, nyaya zimechunwa na kusokotwa kwa vidole, na solotepu iliyozungushiwa imeshaanza kubanduka kwa joto. Waya wa njano wa redio hupata umeme wa betri muda wote, ili saa na stesheni zisipotee. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukiwa umezungushwa tu, na ndio unaoiamuru redio iwake au izime. Fundi wenu amezifunga zote mbili kwenye waya wa betri. Kwa hiyo nikizima kwa kitufe, skrini inakuwa nyeusi lakini redio inaendelea kula umeme usiku kucha. Mita ilisoma miliampia 640 gari likiwa limefungwa, wakati gari lililolala halitakiwi kuvuta zaidi ya 50 hivi.

Na kiunganishi cha kuchomeka plagi kwa plagi, bila kukata chochote, nilikilipia. Nimekikuta ndani ya boksi, mfuko wake haujafunguliwa.

Naomba plagi ya aina ileile irudishwe, nyaya ziungwe kwa risasi na kiunganishi kitumike. Betri nayo mnibadilishie, kwa sababu betri ya gari ikikaushwa mara kwa mara namna hii hairudi kuwa kama zamani. Vitufe vya usukani vilivyokufa vifanye kazi, na redio yangu ya zamani, ambayo sikukabidhiwa, nirudishiwe. Kazi hiyo aifanye fundi mwingine, nami niwepo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku saba. Picha za nyaya na risiti nimeziambatanisha.

Wenu,
Mteja