Risala ya Wafanyakazi wa Kituo cha Simu za Dharura kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa halmashauri, ndugu zetu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa: karibuni sana, na ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa, kituo kilianza na simu za waya na ramani ya karatasi ukutani. Leo simu zinaingia kwa intaneti na ramani iko kwenye kompyuta. Haya ni mafanikio makubwa. Swichi, kifaa kinachogawa mtandao ndani ya kituo, imepangwa kutanguliza sauti mbele ya mafaili, na kwa kuwa simu moja ambayo sauti yake haijabanwa hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, laini ya megabiti 2 inabeba mazungumzo 20 bila kukwama.

Mheshimiwa mgeni rasmi, linalotukosesha usingizi ni moja: simu ya intaneti haiji na mahali inapotoka. Simu ya waya ilikuwa na nyumba yake. Hii ya intaneti huchomekwa popote penye mtandao, na anwani tunayoiona ni ya siku ya usajili. Ofisi ikihama na kifaa chake, zimamoto wanakwenda jengo la zamani. Kwenye majengo makubwa simu zote za ndani hutoka kwa namba moja. Tunaona lango kuu, mgonjwa yuko ghorofa ya nne.

Dawa ni jedwali la anwani lililohakikiwa, simu kwa simu, nukta kwa nukta. Mhakiki asimame pale gari linapoingilia, kwani nukta iliyowekwa katikati ya paa huweza kulipeleka gari barabara ya nyuma isiyo na geti. Achukue latitudo na longitudo kwa desimali tano, ambayo ni hatua ya mita moja hivi. Desimali tatu ni zaidi ya mita 100. Aandike ghorofa na chumba. Vipimo vyote viwe vya WGS 84, mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS, maana ramani za zamani zenye mfumo mwingine zikichanganywa bila kubadilishwa, nyumba husogea hata mamia ya mita.

Ombi hili, Mheshimiwa, si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilipokea kwa moyo mkunjufu wakaahidi bajeti inayofuata, na bajeti zimepita. Tuliletewa skrini kubwa, tunashukuru kwa dhati, lakini skrini haionyeshi anwani ambayo haijapimwa.

Tunaomba wahakiki 6 kwa miezi 3, vishikwambi 6, na mtaalamu mmoja wa ramani wa kudumu. Huyo wa mwisho ndiye roho ya kazi: asipokuwepo wa kuingiza kila jengo jipya linapopata kibali, jedwali litachakaa. Tunaomba pia betri za akiba kwa ruta, swichi na simu, si kwa kompyuta pekee, kwani umeme ukikatika vyote vitatu huzima.

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, tunakuomba katika hotuba yako ututajie fungu la fedha na tarehe ya kuanza.

Tunaomba kuwasilisha.