Wenye mataji 7 ya Wimbledon si wawili

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka na miaka bila kukuandikia hata mstari. Ila ile habari ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon yenye picha kubwa ya Serena Williams imenikaa kooni. Mwandishi wenu anasema wanawake waliotwaa mataji 7 ya mchezaji mmoja mmoja ni Serena na Steffi Graf, basi. Na yule Mwingereza, Dorothea Lambert Chambers, mmemzika wapi? Alishinda 1903, 1904, 1906, 1910, 1911, 1913 na 1914. Hesabuni kwa vidole.

Tena mwandishi kaongeza chumvi: eti zamani bingwa wa mwaka uliopita alikaa pembeni kusubiri mechi moja ya mwisho, kwa hiyo mataji yale ni mepesi. Utaratibu huo ulikuwepo kweli, ukafutwa baada ya mashindano ya 1921. Lakini huyu mama kati ya mataji yake 7, yaliyopatikana kwa kusubiri ni 3 tu: 1904, 1911 na 1914. Manne alianzia chini na wenzake, kwenye nyasi za Worple Road, uwanja wa zamani wa Wimbledon, ndani ya gauni refu ambalo mwandishi wenu asingeweza kulipandia hata daladala. Mwaka 1911 alimfunga Dora Boothby 6-0, 6-0. Mwaka 1919, ana miaka 40, alimpeleka Suzanne Lenglen, binti wa miaka 20, hadi 10-8, 4-6, 9-7, na mara mbili alibakiza pointi moja tu achukue taji la nane. Huo ndio wepesi? Na kwa wanaume, Anthony Wilding wa New Zealand, aliyeshinda mara 4 mfululizo kuanzia 1910 chini ya utaratibu huohuo, kisha akauawa vitani Ufaransa 1915, naye mnamhesabu hewa?

Mimi hilo kosa lenu limeniumbua hadharani. Kwenye chemsha bongo ya sherehe ya chama chetu cha akiba na mikopo liliulizwa swali hilohilo, nikajibu watatu. Mshereheshaji akachomoa kipande cha gazeti lenu mfukoni, akakikunjua taratibu mbele ya maikrofoni: "Mzee wangu, gazeti limesema wawili." Ukumbi ukaangua kicheko. Chupa ya chai akapewa kijana ambaye tenisi anaijua kwa kuona viatu vyake.

Halafu mtasema nafasi haitoshi. Nafasi ya mikeka ya kubeti mnayo! Kurasa mbili nzima za odsi, timu za daraja la pili za nchi ambazo msomaji hawezi kuzionyesha kwenye ramani, na kila Jumatatu vijana wetu wanakuja kukopa nauli.

Basi Jumamosi ijayo futeni ligi moja tu kwenye kurasa hizo, hiyo ya daraja la pili inatosha, mchapishe mabingwa wote wa Wimbledon, wanaume kuanzia 1877 na wanawake 1884. Herufi ziwe ndogo kama dagaa, sijali. Miwani ninayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro