Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu: ushungi una asili zaidi ya moja

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeisoma rasimu ya kanuni za mavazi ya shule iliyotoka ofisini kwako, na kwa sehemu kubwa sina ugomvi nayo. Rangi ya sare, viatu, urefu wa sketi, hayo watayasema wengine. Nimeshika kalamu kwa ajili ya mambo mawili tu. La kwanza ni ile sentensi ya utangulizi inayodai kwamba kujifunika kichwa kumeanza na Uislamu. La pili ni kifungu kinachomtaka mwalimu wa zamu ahakikishe, pale getini, kwamba kila aliyejifunika ana sababu halali ya kidini. Mimi ni mwalimu wa historia, ni Mwislamu, na najitanda kila siku. Nikinyamaza nitakuwa nimekisaliti kichwa changu, nje na ndani.

Nianze na habari inayokuhusu kwa cheo chako. Sheria ya kale kabisa tunayoijua kuhusu ushungi haikuletwa na nabii. Ilikuwa sheria ya dola. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachimbaji wa Kijerumani walifukua magofu ya mji wa Ashur, katika Iraki ya leo, wakakuta mabamba ya udongo yenye sheria za Waashuru, nakala za zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kifungu cha 40 kinawagawa wanawake mafungu. Mke wa mtu, mjane na binti wa mwungwana wasitoke kichwa wazi. Suria akifuatana na bibi wa nyumba, naye ajifunike. Kahaba na kijakazi ni marufuku. Kahaba akionekana amejitanda, akamatwe, aletwe kwenye lango la ikulu, achapwe fimbo 50 na kumwagiwa lami kichwani. Kijakazi hukatwa masikio.

Na mpita njia je? Sheria haikumsahau. Mwanamume aliyemwona kahaba amejifunika akamwacha aende zake, naye alichapwa fimbo 50, akatobolewa masikio yakapitishwa kamba, kisha akamtumikia mfalme mwezi mzima. Yaani kila mtu barabarani alifanywa mkaguzi wa vichwa vya wanawake.

Kifungu kinachofuata hunishangaza kila ninapokisoma. Mwanamume akitaka kumpandisha suria wake daraja, aliwaita mashahidi watano au sita, akamfunika mbele yao na kutamka kwamba huyu ni mke wangu. Basi, amekuwa mke. Kitambaa kilifanya kazi ambayo leo hufanywa na cheti. Kinachopimwa humo ni daraja: nani ana mwenyewe wa kumlinda, nani hana.

Sasa vuka kwa majirani zao, Waebrania. Katika kitabu cha Mwanzo cha Biblia, sura ya 24, Rebeka anamwona Isaka kwa mbali, anashuka kwenye ngamia na kujifunika, kama afanyavyo bibi harusi. Sura ya 38, Tamari anajifunika uso na kuketi njiani, na Yuda anamdhania kahaba, tena maandiko yanasema ni kwa sababu alikuwa amejifunika. Kule Ashur kitambaa kilimtenga mke na kahaba. Hapa, katika kitabu kimoja, kinawakaa wote wawili.

Upande wa ibada nao una mivutano yake, na ni mitamu. Mroma alipotoa sadaka alivuta vazi lake la toga hadi kichwani. Ndivyo anavyoonekana Kaisari Augusto katika sanamu yake iliyopatikana Via Labicana, Roma. Kwa desturi ya Kigiriki sadaka ilitolewa kichwa wazi. Kisha Paulo akawaandikia Wakorintho, watu wa mji wa Kigiriki ambao Julius Caesar aliufanya koloni la Kiroma mwaka 44 KK, kwamba mwanamume asali kichwa wazi kwa kuwa ni mfano na utukufu wa Mungu, na mwanamke ajifunike. Sababu mojawapo aliyoitoa ni “kwa ajili ya malaika”, na wafasiri wanabishana juu ya maneno hayo hadi leo. Kwa Wayahudi, Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wao, inamtaja rabi mmoja aliyejivunia kwamba hakuwahi kutembea dhiraa nne kichwa wazi, kwa kuwa utukufu wa Mungu uko juu ya kichwa chake. Angalia hapo: Mungu yuleyule, mmoja anavua kwa ajili yake, mwingine anavaa.

Musa naye, katika Kutoka 34, alishuka mlimani uso unang'aa hata watu wakaogopa kumkaribia. Akawa anautia utaji anapomaliza kusema nao, na kuuondoa anapoingia mbele za Mungu. Mwanamume huyo, na kitambaa kinawalinda watazamaji.

Hapo ndipo ninapoielewa lugha ya dini yangu mwenyewe. Neno hijabu limo ndani ya Kurani mara saba, na maana yake ni pazia au kizuizi. Bibi Maryam alijiwekea hijabu akajitenga na watu wake, na Mwenyezi Mungu husema na binadamu kwa wahyi, yaani ufunuo, au kutoka nyuma ya hijabu. Vazi la kichwa lina neno jingine, lililo katika Suratun Nur, aya ya 31, ambapo wanawake waumini wanaambiwa washushe shungi zao hadi vifuani. Mtu haambiwi ashushe asichokuwa nacho. Shungi zilikuwapo, Uislamu ukazipa adabu na nia. Aya hiyo ndiyo inayonitanda mimi, na haipungukiwi chochote kwa mimi kukiri kwamba kitambaa kiliitangulia. Watuareg wa Sahara ni Waislamu pia, na kwao anayefunika uso ni mwanamume. Mwanamke hutembea uso wazi.

Utasema hayo ni ya kale. Basi tazama mwaka 1786, New Orleans, mji wa Marekani ya leo, ikiwa chini ya Hispania. Gavana Esteban Miró aliwaamuru wanawake huru wenye asili ya Afrika wafunge vitambaa kichwani, maana nywele zao na mapambo yao yaliwafanya waonekane sawa na mabibi wa Kizungu. Ni Ashur iliyopinduliwa: kule aliye chini alikatazwa kitambaa, huku amelazimishwa. Wanawake wale wakatafuta vitambaa vya rangi kali, wakavifunga kwa ufundi na kuvipachika vito, ikawa urembo. Na Irani, mwaka 1936, mfalme Reza Shah aliamuru wanawake wavuliwe mashungi, polisi wakayavua barabarani. Baada ya mapinduzi ya 1979 dola ikageuka, ikawalazimisha kuyavaa. Kuna wanawake walioishi chini ya amri zote mbili kwa kichwa kilekile.

Naomba, kwa hiyo, sentensi ile ya utangulizi ifutwe, na isibadilishwe kwa nyingine inayotaja dini tatu badala ya moja. Kanuni haihitaji kueleza asili ya ushungi. Inatosha kusema kitambaa kiwe cha rangi ya sare na kisimzuie mwanafunzi kusoma wala kutambulika. Kama anajitanda kwa ibada, kwa msiba, kwa kuiga mama yake, au kwa kuwa nywele zimemtoka kwa dawa za saratani na hataki kuulizwa, hilo ni lake.

Na kile kifungu cha getini kiondolewe chote. Zamu yangu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wasichana wakiwa wanaingia kwa makundi, wengine wakikimbia. Kazi yangu hapo ni kuwapokea. Usinipe ile ya mpita njia wa Ashur.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia