Dada, mafuta ya ganda la korosho hayaoteshi nywele

Dada,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti unaufuta haujafika hata katikati. Nakuandikia hapa kwa sababu najua usiku, ukishalaza watoto, huwa unapita kusoma. Wengine watakaosoma wasome tu. Huenda nao nyumbani wana mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele kichwani, kama binti yako.

Naanza na lile la uani, maana kila nikitaka kulipita linanirudia. Arobaini ya mama. Korosho zinakaangwa kwenye debe lililotobolewa, moshi mweusi umejaa mpaka jikoni. Wewe umekaa mkekani, umembana binti kichwa katikati ya mapaja, mkononi una unyoya wa kuku. Unauchovya kwenye kopo la mafuta yaliyochuruzika kutoka kwenye maganda, unampaka lile baka la nyuma ya sikio la kushoto. Hakulia mara moja. Alisema, "Mama, panawaka." Ukamjibu, "Kinachouma ndicho kinachootesha." Na wale wanawake waliokuwa wakibangua, ambao wenyewe walikuwa wamejipaka majivu viganjani ili mafuta hayo hayo yasiwababue, walikutazama wakanyamaza.

Mafuta yale yana asidi ya anakadi na kadoli, vitu vinavyounguza ngozi na kuamsha mzio. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja; ndiyo maana mtoto akifyonza embe lenye utomvu midomo huweza kumtoka malengelenge, na utomvu wa embe haufui dafu mbele ya ganda la korosho. Malengelenge yanaweza yasionekane siku ile, yakaibuka kesho yake au keshokutwa. Kwa hiyo usiku ule uliposema "mbona hana kitu", ulisema mapema mno. Kilichotakiwa ni kumfuta pale pale kwa kitambaa, kisha sabuni na maji mengi yanayotiririka, tena na tena, kwa kuwa maji matupu hayaondoi mafuta. Halafu kitambaa kisafi, na safari ya kituo cha afya. Wewe ulimpaka dawa ya meno.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: ugonjwa wake, alopesia areata, yaani kinga ya mwili kuzishambulia nywele zikadondoka kwa mabaka, hauui mzizi wa nywele. Nywele inapokua, mzizi wake huwa umejificha kwa kinga ya mwili, hauonyeshi alama za kuwaita askari. Kwa mwenye alopesia areata maficho hayo huvunjika. Seli nyeupe aina ya T huuzunguka mzizi kama nyuki, humwaga interferoni gama, kemikali ya kupeana taarifa, nayo huita wenzao zaidi, na nywele hudondoka. Lakini mzizi hubaki hai pale chini, umezimishwa tu, na unaweza kuamka baada ya miezi, hata miaka. Ngozi iliyoungua ikafanya kovu ni habari nyingine. Hapo mzizi umekufa. Mulika kwa tochi ya simu pale nyuma ya sikio. Ukiona vitundu vya vinyweleo, shukuru Mungu. Ukiona ngozi laini inayong'aa isiyo na kitundu hata kimoja, tusidanganyane, pale hapataota.

Unawaambia watu kosa ni langu, eti nilisema "itaota yenyewe". Nilisema. Mabaka yalikuwa mawili, kila moja dogo kuliko sarafu ya shilingi 200, na kwa hali kama hiyo karibu nusu ya wagonjwa nywele hurudi ndani ya mwaka bila dawa yoyote. Sikusema uongo. Sikuongeza kwamba zinaweza kurudi kisha zikaanguka tena, kwa sababu mama alikuwa kitandani na wewe ulikuwa hulali. Ungekuwa wewe ungesema?

Nilipokuuliza habari za ile pumu ya ngozi ya utotoni ulidhani nabadilisha mazungumzo. Alopesia areata huonekana zaidi kwa wenye pumu na pumu ya ngozi, na huandamana na magonjwa mengine ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama vitiligo, yale mabaka meupe ya ngozi, na magonjwa ya tezi ya shingo. Sisemi pumu ya ngozi ndiyo iliyomnyonyoa. Kinga yake ni nyepesi kushtuka, na urithi umo, kutoka kwetu au kwa baba yake. Hakurogwa, dada. Wala hakuambukizwa na chanuo la mtu, ingawa mwalimu alimrudisha nyumbani akisema ni mapunye. Mapunye yana magamba, nywele hukatikia juu kidogo ya ngozi, na tezi za kisogoni mara nyingi huvimba. Baka la binti lilikuwa laini kama kiganja, na pembeni mwake nywele fupi, nene juu na nyembamba shinani. Tazama na kucha zake: vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano ni dalili ya ugonjwa huu huu.

Sasa ile tyubu ya klobetasoli, dawa kali ya steroidi ya kupaka, uliyoitupa chooni. Ulisema ndiyo wanayojichubulia wanawake wa mjini, na ni kweli, dawa hiyo hutiwa kwenye mkorogo, na mtu akijipaka mwili mzima kwa miezi ngozi hukonda kama karatasi. Hofu yako ilikuwa na msingi. Ila kwa mtoto tulikuwa tunazungumzia krimu ya asilimia 0.05, kiasi cha punje ya maharage kwa mabaka yote mawili, safu nyembamba juu ya baka peke yake, mara 2 kwa siku kwa wiki 6, kisha wiki 6 za kupumzika. Haipakwi penye kidonda wala karibu na macho. Ukiona vipele vya usaha au vishipa vyekundu unaacha na kurudi kwa tabibu. Matokeo hayatafutwi kabla ya miezi 3, na nywele za kwanza huota nyeupe. Usizinyoe kwa hofu, nyingi hupata rangi baadaye. Tyubu hiyo uliiogopa, kopo la ganda la korosho hukuliogopa.

Nikupe haki yako, maana lile neno la kinachouma kuotesha hukulitoa hewani. Ipo tiba ya kliniki ambayo kwa makusudi huamsha mzio kwenye ngozi ya kichwa, kwa dawa iitwayo difensipironi. Lakini ngozi ikishazoeshwa, dozi huanzia kama asilimia 0.001 na kupandishwa polepole wiki hadi wiki, na kinachotafutwa ni wekundu na muwasho mdogo wa siku moja au mbili. Lengelenge likitoka, dozi imezidi. Unyoya wa kuku haupimi hivyo.

Vidonge vipya ulivyovisikia, baricitinib ulioruhusiwa Marekani 2022 kwa watu wazima na ritlecitinib 2023 kuanzia miaka 12, si vya mtoto wa miaka 9. Tena huishusha kinga, lazima mtu apimwe kifua kikuu kwanza.

Mlete Mtwara. Tutaanzia hospitali ya Ligula: kidonda kiangaliwe, magamba yakionekana yakwanguliwe yapimwe fangasi, damu ipimwe wingi wake na homoni ya tezi. Asipakwe kitu chochote kichwani kabla ya hapo. Usimsuke rasta za kubana ili kuziba mabaka, kwa kuwa kuvutwa nako hunyonyoa, ukaongeza ugonjwa wa pili. Mtandio wa pamba unatosha, na unamkinga na jua. Njoo na picha ulizopiga mwezi wa nane, zile za kabla ya arobaini, tulinganishe ukubwa wa mabaka.

Kwetu mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, na neno hilo ningeweza kulitumia kumchukua kwa nguvu. Sitalitumia. Nauli ya wawili kutoka Newala nimetuma kwenye simu yako. Na mwambie binti kwamba mjomba hatamgusa kichwa. Tutakaa, tutakunywa chai, mpaka auvue mtandio mwenyewe.